Mhariri, kioo nimekirudisha ukutani

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana huku kwetu.

Naomba nianze kwa kuungama, gazeti lenu la wiki iliyopita sikulishika kwa ajili ya kusoma, nilikuwa najipepea nalo. Ilikuwa asubuhi na mnajua upepo wa Dodoma mwezi wa saba ulivyo, watu wote masweta, bodaboda wamejifunga mitandio usoni yamebaki macho tu, na mimi niko kwenye kibanda changu cha cherehani hapa Majengo nimefungua vifungo viwili vya juu, jasho linatiririka mpaka kwenye kope. Mteja wangu akaniuliza fundi una malaria? Nikamwambia sina. Presha? Sina. Akaniangalia kidogo, na yeye ni mtu mzima, akasema taratibu, "Aaah, kumbe umeshaingia huku kwetu." Tukacheka mpaka kijana anayeuza maji mbele ya kibanda akageuka. Halafu alipomwona yule kijana anatuangalia akashusha sauti kabisa, tukaanza kunong'ona kama tunaongea habari za mali ya wizi. Hapo ndo nikasema hii barua lazima niiandike, maana watu wazima wawili, wajukuu tunao, tunashindwa kutaja kukoma hedhi, kitu cha miili yetu wenyewe, mchana kweupe.

Nina miaka 52. Nashona mwaka wa 24 huu. Kazi yangu inanionyesha kitu ambacho wengine hawakioni, kwa sababu viuno vya wamama wa mji huu nimevizungushia futi mimi. Nina kaunta buku la vipimo, kila mteja ana ukurasa wake, kifua, kiuno, hipsi, urefu, tarehe. Wengine wana kurasa za miaka kumi. Sasa ukifungua utaona mtu kiuno kilikuwa 31, kikaja 33 akiwa na watoto wawili, kikakaa hapo hapo miaka na miaka, halafu akigusa 47 au 48 hivi inchi zinaruka, 36, 38, na ukimuuliza anakwambia fundi sijabadilisha chakula hata kidogo, usiku nakula ugali kama ngumi ya mtoto. Zamani nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, nasema huyu anakula kwa siri. Mungu anisamehe.

Na wakifika umri huo wanabadilika hata namna ya kupimwa. Wanabana pumzi. Wananiambia fundi usisome kwa sauti, andika tu. Mwingine anasema hiyo futi yako imefupika. Kuna mmoja kila akija anataka gauni "la kuficha", ukimuuliza ufiche nini anazungusha mkono kuanzia shingoni mpaka magotini, yaani mwili mzima.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja ni bosi huko Mtumba kwenye mji wa Serikali, sitasema wizara gani, ni mtu ambaye akiingia ofisini watu wanasimama. Alileta gauni alilovaa mwaka 2018 kwenye sendofu ya mdogo wake, anataka nimpanulie. Akaingia nyuma ya pazia kulijaribu. Akakaa muda mrefu nikadhani zipu imekwama, nikaita mama nikusaidie? Kimya. Nikachungulia nikamkuta kakaa kwenye kigoda, gauni limegomea mapajani, analia bila sauti machozi yanadondokea kwenye kile kitambaa. Akaniambia, "Fundi, mimi sijijui tena. Nikijiangalia namwona shangazi yangu, simwoni mtu niliyekuwa."

Mhariri nitakwambia ukweli, sikumsaidia. Nilimpa leso tu. Maana siku zile mimi mwenyewe kioo changu nilikuwa nimekigeuza.

Kile kioo kirefu cha wateja nilikihamisha nikakiweka nyuma ya mlango, uso wake umeangalia ukuta. Wateja wakiuliza nasema msumari umelegea kinaweza kuwaangukia. Msumari ulikuwa mzima kabisa. Ila kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani nilikuwa nakutana na yule mwanamke, nywele za mbele zimepungua ngozi ya kichwa inaonekana, tumbo limekuja mbele wakati miguu inapungua, vindevu vitatu kidevuni ambavyo sijui vimetoka wapi, uso umechoka kama umetoka msibani. Nikaona bora nisimwone. Fundi cherehani bila kioo ni kama mama lishe bila mwiko, wateja wakaanza kulalamika, nami nikawa naongeza uongo juu ya uongo.

Ukiniuliza kilichoniumiza zaidi ni nini, sio tumbo. Ni maneno. Kwenye kikao kimoja cha harusi, ukumbi umejaa, tunapangiana kamati, shemeji yangu akasimama akasema kamati ya chakula wapeni hawa dada zetu walioshafunga duka, hawana kazi nyingine. Ukumbi mzima kicheko. Na mimi nikacheka, ndo kitu kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Nikarudi nyumbani na ile kauli imenikaa kooni kama mfupa wa sato. Halafu ukianza kusikiliza ndo unagundua yako mengi. Amefunga duka. Kiwanda kimefungwa. Amekauka. Ameisha muda wake. Kwani mimi nilikuwa duka? Nilikuwa namuuzia nani? Nimezaa watoto wanne, nimesomesha watatu kwa hii cherehani na wa nne yuko UDOM mwaka wa pili, halafu siku damu inakoma ndo naambiwa nimefungwa!

Baadae nilimuuliza yule shemeji kwa utani vile vile, shemeji, Rais Samia anaapishwa tarehe 19 Machi 2021 alikuwa na miaka mingapi? Akahesabu kwa vidole. Nikamwambia 61, umri ambao nyinyi wa vikao mwanamke mnamtuma akapike tu. Akasema aah dada usifike huko. Nikamwambia nimeshafika.

Hospitali nilikwenda, sio kwamba nilikaa tu. Kuna kituo kimoja nilienda nikamweleza dokta kijana, ana umri wa mwanangu wa pili, nawaka moto, silali, moyo unakimbia, nasahau, juzi nimemkatia mteja mikono miwili yote ya kushoto. Akanipima malaria hakuna, presha iko sawa, akaandika panadol akasema mama ni uzee tu huo utazoea. Alisema kwa upole na shikamoo juu, simlaumu sana, ila nilitoka pale nimekunja bega. Nilienda na maswali, nikarudi na neno uzee.

Aliyenifungua macho ni mteja wangu mwingine, nesi mstaafu, alikuja kuchukua kitenge chake akakuta sijamaliza (nilikuwa sijaanza, ila hayo tuyaache). Akakaa kusubiri, akaniona najipepea, akaanza kunieleza huku nashona. Nitayaandika kama nilivyoyaelewa.

Alisema mifuko ya mayai ya mwanamke ikianza kuchoka inapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, na hiyo homoni watu wanadhani ni ya kizazi tu kumbe ina kazi mwili mzima, kwenye ubongo, ngozi, nywele, mifupa, mishipa ya damu. Kwenye ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikiyumba ile sehemu inakuwa na wasiwasi, joto likipanda kidogo tu, hata la chai, yenyewe inadhani unaungua, inafungua jasho na kusukuma damu kwenye ngozi ili upoe. Ndo maana unawaka wakati wenzako wana masweta. Inakaa dakika chache inapita, halafu unabaki na baridi ya jasho. Na mafuta ya mwili ambayo zamani yalikuwa yanapenda kukaa kwenye hipsi na mapaja, estrojeni ikipungua yanahamia tumboni, hata kama chakula hakijaongezeka sana, na misuli nayo inapungua na umri.

Alivyosema hivyo niliacha kushona. Nikaenda nikachukua kaunta buku langu nikamwonyesha, nikafungua kurasa moja moja, hipsi zinashuka kiuno kinapanda, hipsi zinashuka kiuno kinapanda, wamama kumi na kitu hivi na umri wao karibu ni ule ule. Miaka yote hiyo ushahidi ulikuwa kwenye droo yangu chini ya vifungo na mimi nadhani watu wanakula kwa siri, na nilipofika zamu yangu nikadhani nimeharibika peke yangu.

Akaniambia wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55. Ila mvurugo unaweza kuanza miaka kadhaa kabla, siku zinaruka, mwezi huu zinakuja mara mbili, miezi mitatu kimya, halafu zinakuja kama bomba limepasuka. Unahesabiwa umekoma kabisa ukimaliza miezi 12 mfululizo hujaona kitu. Kabla ya hapo usijidanganye, mimba bado inashika, na hapa mtaani tuna mtoto anaitwa Zawadi kwa sababu hiyo hiyo. Ikikukuta kabla ya miaka 40 hiyo ni mapema mno, nenda ukaangaliwe. Na aliyetolewa mifuko ya mayai kwa upasuaji kwake inakuja ghafla, haibishi hodi, huyo anahitaji msaada zaidi.

Kuna jambo alilisema mara mbili na mimi nalirudia hapa kwa wanaosoma. Ukishamaliza mwaka mzima bila hedhi halafu ukaona damu, hata tone, usiseme ujana umerudi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi linakuwa jambo dogo lakini inaweza kuwa dalili ya saratani, na ikiwahiwa inatibika vizuri zaidi.

Nikamuuliza na hizi hasira je? Maana mimi nilikuwa nalipuka, mtoto akiacha kikombe mezani nagomba nusu saa halafu naenda chooni nalia. Akasema homoni zinayumba, ni kweli, ila angalia na usingizi, ukiamshwa na jasho mara nne kwa usiku, wiki ya kwanza, wiki ya pili, hata malaika atagomba. Halafu umri wenyewe una mizigo yake, wazazi wamezeeka wanakutegemea, watoto wanaondoka, mzee anakaribia kustaafu, yote yanagongana hapo hapo. Na ambaye aliwahi kuwa na sonona zamani, hata ile ya baada ya kujifungua, akae macho zaidi. Kama wiki mbili zinapita hakuna kinachokufurahisha, unajiona huna thamani, unawaza afadhali usiwepo, usingoje ipite. Sisi wa Dodoma hapa tuna tabu moja, tunayo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, mjini kwetu na tunaitumia kama tusi, ukisema unaenda kuongea na mtaalamu wa afya ya akili watu wanakuuliza kwani umeanza kuokota makopo? Mimi nasema aliyechoka moyo akaongee na mtaalamu, makopo yatajiokota.

Sasa kabla sijakutana na huyu nesi nilikuwa nimeshafanya mambo yangu ya aibu. Kwenye grupu moja la WhatsApp kuna dada anauza vitu vya "kurudisha ujana ndani ya siku saba", nikanunua kopo shilingi elfu kumi na tano na chupa ya maji maji ya kunywa elfu ishirini, hiyo ni hela ya mishono miwili. Ya kunywa ilinipa tumbo la kuhara. Ya kupaka ilikuwa mkorogo, nikawa uso Fanta vidole Coca, ngozi ikawa inawasha nikipita juani. Nesi akanisema sana. Ngozi ya umri huu inakuwa nyembamba na kavu, ndo unaichubua tena? Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na zebaki inaharibu figo, lakini vinauzwa tu, havina hata lebo. Nilikuwa natafuta sura ya miaka thelathini, nikakaribia kupata figo za miaka mia.

Tiba zipo, hilo nalo sikulijua. Kuna tiba ya homoni, inasaidia sana wanaowaka moto vibaya, ila sio ya kila mtu, mfano aliyewahi kuugua saratani ya titi au kuganda damu huyo lazima daktari aangalie kwa makini na mara nyingi atapewa njia nyingine, na dawa zisizo za homoni zipo. Kwa hiyo ni kuongea na daktari, sio na dada wa kwenye grupu. Mambo ya chumbani nitasema kidogo maana gazeti linasomwa na watoto. Ukavu na maumivu sio dalili kwamba mapenzi yameisha, ni estrojeni hiyo hiyo, famasi kuna vilainishi na hospitali kuna krimu yake. Wangapi wamelala mzungu wa nne miaka kwa kukosa hiyo sentensi moja.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilihamia chumba cha watoto kwa sababu ya joto, nikamwacha mzee peke yake bila maelezo. Yeye akanuna. Miezi mitano tunaishi kama wapangaji. Siku moja tumekaa tunakula ugali wa uwele na mlenda nikaamua kumweleza yote, na ile habari ya ubongo kudhani unaungua, nikamchorea hadi na kidole mezani. Akatafuna mpaka akamaliza akasema, "Sasa si ungesema, mi nilijua umenichoka." Kesho yake akaja na feni ya kusimama kaibeba kwenye bodaboda. Sasa hivi tunalala chumba kimoja, feni inanipuliza mimi, na yeye kalala na sweta na kofia ya sufu kama mlinzi wa benki.

Kioo nilikirudisha ukutani wiki hiyo hiyo. Sitadanganya kwamba nilijiangalia nikajipenda papo hapo, haiendi hivyo. Siku ya kwanza nilijiangalia kama ninavyomwangalia mteja mgeni, nikachukua futi nikajipima mwenyewe, nikajifungulia ukurasa mpya kwenye kaunta buku, kiuno 39, tarehe. Nikasema haya, huyu mteja anashonewaje? Na kwa kweli hapo ndo akili ilipokaa sawa, kwa sababu kazi yangu naijua. Mwili wenye tumbo haukatwi kama wa msichana. Mbele unaacha ndefu kidogo kuliko nyuma maana tumbo linapandisha pindo, mshono wa kiunoni unaupandisha uje chini ya kifua, shingo unaifungua kidogo ipitishe hewa, mkono unaufanya mpana. Na kitambaa kiwe pamba, hivi vitenge vya bei rahisi vya poliesta kwa mtu anayewaka ni kama kumvalisha mfuko wa rambo. Nikajishonea gauni la bluu. Nikalivaa kanisani. Mama mchungaji akaniuliza umepungua? Nikamwambia hapana nimeongezeka, nimeshona saizi yangu.

Hapo niseme kitu ambacho mafundi wenzangu hawatapenda. Sisi mafundi tunachangia. Mama akija na mwili mpya tunamwambia "ah mama umenenepa" tena mbele ya wateja, au tunampa dera kubwa kama turubai tunamwambia utapendeza. Dera zuri, mimi nashona madera, lakini dera la kujifichia ni kitu kingine. Mtu ambaye kila asubuhi anavaa nguo ya kujificha hata akitembea anatembea kama anayejificha.

Yule bosi wa Mtumba nilimtafuta kwa simu. Nikamwambia lete kitambaa kipya, lile la 2018 sipanui. Alikuja kwa wasiwasi. Nikampima nikasoma namba kwa sauti ya kawaida tu kama napima mlango, akashtuka, halafu akacheka. Lile gauni la zamani nililifumua nikamshonea binti yake sketi. Sasa hivi ana feni ndogo juu ya meza ofisini na anasema vijana wake wakiuliza anawajibu wazi kwamba ni menopozi, wameacha kuuliza.

Nakumbuka sana bibi yangu mzaa mama, Mpwapwa. Mimi nilimkuta ameshapita huko zamani. Wanawake wa Kigogo ndo wanaopiga zile ngoma za muheme, wanazibana katikati ya miguu, na bibi alikuwa akiibana ngoma yake wasichana wanampisha, mgongo umenyooka, mikono haionekani kwa kasi. Hakuna siku nimemsikia anasema ameisha. Lakini sitaki kuwapamba wazee, maana hata yeye hakuna aliyemwambia kwamba mifupa inapoteza nguvu haraka miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Aliteleza uani, kuteleza tu kwa kawaida, nyonga ikavunjika, hakusimama tena. Kwa hiyo mimi sasa maziwa nakunywa, dagaa natafuna na miba yake, na jioni natembea kwa miguu kutoka Majengo mpaka nyumbani kupita Nyerere Square badala ya bajaji, binti yangu ananiambia mama unajitesa, nakaa kimya namwacha.

Sasa Mhariri ombi langu. Kurasa zenu za afya nazisoma (nikimaliza kujipepea), mnaandika vizuri habari za wajawazito, lishe ya watoto, mabinti wanaovunja ungo. Hata hapa Bungeni mwaka 2018 walifuta VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata wakairudisha, na kelele zilipigwa mpaka tukazisikia huku sokoni. Vizuri sana. Ila huyo binti wa taulo akifika 50 anaenda wapi? Mbona kalamu zenu zinaishia leba? Tarehe 18 Oktoba kila mwaka ni siku ya kukoma hedhi duniani, imebaki miezi mitatu, muda mnao, tafuteni daktari wa wanawake aandike kwa Kiswahili cha sokoni. Na kile kibonzo chenu cha mke mnene mwenye hasira anamkimbiza mume na mwiko, mwambieni mchoraji wenu huyo mama inawezekana hajalala wiki mbili.

Naomba niishie hapa kuna kazi mezani. Kikoba chetu kina sare mpya, vitenge 14, na wote isipokuwa wawili wamevuka 45. Juzi walikuja pamoja kupimwa, mimi nikaanza na ule unong'oni wangu wa kawaida, mwenyekiti akanikata akasema fundi soma kwa sauti sote tusikie. Nikasoma. 37. 40. 36. 41. Kila namba vigelegele, ikawa mashindano kabisa, kuna mmoja alipata 39 akadai nimempunja nimpime upya. Aliyeshinda ana 44, akazunguka mbele ya kioo mara mbili mikono juu, yule kijana wa maji akaja kuuliza kuna harusi? Wakamwambia ndio, lete katoni moja.

Nakata kesho asubuhi, umeme ukiwepo.

Mama Fundi,
Majengo, Dodoma